Mstari Ulioingizwa: Majedwali ya Ngara na Biharamulo na Hesabu Zilizobaki Sawa

I

Msomaji akichukua majedwali ya sensa ya Tanzania ya mwaka 2002 na ya mwaka 2012, akaitazama mistari miwili ya Mkoa wa Kagera, ataona jambo la kumshangaza. Wilaya ya Biharamulo ilihesabiwa watu 410,794 mwaka 2002, na miaka kumi baadaye watu 323,486. Wilaya ya Ngara ilihesabiwa watu 334,939, kisha 320,056. Yaonekana basi kwamba wilaya hizi mbili, zilizo jirani upande wa kusini wa mkoa, zilipungukiwa na watu katika muda ambao nchi nzima ilikuwa ikiongezeka.

Lakini hali hizi mbili hazifanani hata kidogo. Kupungua kwa Ngara ni kwa watu; kupungua kwa Biharamulo ni kwa mstari. Jedwali lenyewe halisemi lipi ni lipi, kwa kuwa tarakimu zote mbili ni sahihi, zimeandikwa mahali pake, na jumla iliyo chini yake haina kosa. Makala haya yakusudia kueleza jinsi mistari inavyoingizwa katika jedwali, tangu daftari la karani hata lahajedwali la kompyuta, na jinsi kanuni za hesabu zinavyoweza kubaki nzima huku maana yake ikiwa imehama. Jambo hili lawahusu wanalugha kwa sababu maalumu. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuandika kabila la mtu katika Tanzania. Tangu hapo, atakaye kukisia idadi ya wasemaji wa Kihangaza, wa Kisubi au wa Kizinza hana budi kuanzia katika majedwali ya wilaya. Makisio yake hayawezi kuwa bora kuliko mistari anayoisoma.

II

Ni vyema kwanza kukumbuka kwamba wilaya hizi zenyewe ni mistari iliyoandikwa, ikafutwa na kuandikwa tena. Wajerumani walijenga boma lao Biharamulo, na boma hilo lingali limesimama. Bugufi, nchi ya Wahangaza, ilikuwa chini ya watawala wa Burundi. Na Wazungu walipogawana nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa mapatano ya Milner na Orts ya mwaka 1919, ikabaki upande wa Tanganyika, hali Burundi yenyewe ikiwa mikononi mwa Wabelgiji. Bugufi na Busubi ndizo zilizofanya Ngara, ambayo mwanzo ilitawaliwa pamoja na Biharamulo kabla ya kusimama wilaya peke yake. Mkoa nao uliitwa Ziwa Magharibi, na ukapewa jina la Kagera baada ya vita vya 1978-79. Mtu atafutaye habari za nchi hii katika hati za zamani, basi, lazima ajue kila mara jina analolisoma lilikuwa na mipaka gani siku lilipoandikwa.

Kodi ya nyumba ya Wajerumani ilianza mwaka 1898, na Waingereza wakaendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa. Kila kodi ilitaka daftari, na kila daftari lilitaka mistari. Sasa, karatasi ina tabia yake. Mistari ikikwisha pigwa, haisogei. Kijana akifikia umri wa kulipa, au mgeni akihamia kijijini, jina lake halina mahali. Karani alikuwa na njia tatu: kuliandika jina kwa herufi ndogo kati ya mistari miwili, kulitia mwisho wa ukurasa, mbali na ndugu zake, au kulinakili daftari zima upya. Njia ya kwanza iliharibu usomaji, ya pili iliharibu mpangilio, na ya tatu ilimaliza siku nzima.

Hata hivyo daftari la karatasi lilikuwa na ulinzi mmoja. Jumla yake ilifanywa na jicho la mtu. Karani aliyejumlisha alishuka kwa kidole mstari kwa mstari, na alipofika penye jina lililobanwa katikati alilihesabu, kwa kuwa aliliona. Akisahau, kosa lilikuwa lake, na mkaguzi aliweza kulifuata kwa kidole kilekile. Hapakuwa na kitu ndani ya karatasi kilichojihesabia chenyewe.

III

Kabla ya kuliacha daftari tutazame maneno. Daftari limetufikia kwa njia ya Kiajemi na Kiarabu, na asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya ngozi, ndiyo ngozi ya kuandikia. Jedwali ni la Kiarabu, na katika lugha hiyo maana yake nyingine ni kijito cha maji. Mfano huo wafaa sana: tarakimu hushuka katika jedwali kama maji katika mfereji, hukusanyika chini, na mfereji ukichimbwa upya pembeni, maji yake hayafiki katika birika mpaka mtu ayaelekeze.

Laha ni ukurasa, na kwa kuunganisha maneno mawili tumepata lahajedwali, jina la programu ya kompyuta ya kufanyia hesabu katika jedwali. Neno hili lilienea wakati juhudi za kuifanya kompyuta iseme Kiswahili ziliposhika kasi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi uliotoa programu za ofisi ziitwazo Jambo OpenOffice. Lakini neno safu limeleta taabu. Twasema safu ya milima na safu ya askari, nayo yalala. Tena twasema safu ya gazeti, nayo yashuka. Ndiyo sababu baadhi ya waandishi wamelazimika kutofautisha safumlalo na safuwima. Katika makala haya nitaita mstari kile kilalacho na safu kile kishukacho, na mahali vinapokutana nitapaita kisanduku. Fomula nitaiita kanuni, ila msomaji ajue kuwa kanuni hapa si sheria ya kudumu: ni amri iliyoandikwa ndani ya kisanduku, yenye kutaja visanduku vingine kwa anwani zao.

IV

Chombo hiki si cha zamani. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston, Wamarekani, walitoa programu ya VisiCalc kwa kompyuta ya Apple II. Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo cha Harvard, na wazo lilimjia kutokana na taabu ya jedwali la ubaoni, ambalo mwalimu akibadili tarakimu moja hulazimika kufuta na kuandika upya zote zinazoitegemea. Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3, na mwaka 1985 Microsoft wakatoa Excel, kwanza kwa kompyuta ya Macintosh. Katika zote hizi jambo la msingi ni lile lile: tarakimu zimefungwa kwa kanuni, na mstari mpya unaweza kupenyezwa popote, mingine yote ikasogea chini.

Hapo ndipo penye faida, na ndipo penye mtego. Tuseme jina la safu limo katika mstari wa 1, wilaya sita zimo katika mistari 2 hadi 7, na jumla imo katika mstari wa 8 kwa kanuni =SUM(B2:B7). Karani akiingiza mstari mpya katikati, mathalani kati ya wa 4 na wa 5, programu hurekebisha kanuni yenyewe: jumla hushuka mpaka mstari wa 9 na kanuni husomeka =SUM(B2:B8). Mgeni amepokewa. Lakini akiuingiza mstari huo chini ya wilaya ya mwisho, juu tu ya jumla, mstari huwa nje ya mipaka iliyotajwa. Kanuni hubaki =SUM(B2:B7), nzima kabisa, na wilaya mpya haihesabiwi. Ndivyo pia akiuingiza juu ya wilaya ya kwanza: wilaya za zamani husogea pamoja na kanuni yao, na mgeni husimama mlangoni. Programu nyingine hujaribu kubahatisha nia ya mwandishi na kuipanua kanuni, lakini si daima, na asiyejua ni lini hufanya hivyo hawezi kuitegemea.

Wengi hudhani kwamba alama ya dola, kama katika $B$8, huifunga anwani isisogee kamwe. Sivyo. Alama hiyo huizuia anwani isibadilike kanuni inaponakiliwa mahali pengine. Mstari ukiingizwa juu yake, anwani hiyo husogea kama nyingine. Isiyosogea ni ile iliyoandikwa kama maneno matupu, kwa mfano ndani ya kanuni ya INDIRECT. Hiyo hubaki ikikielekea kisanduku kilekile hata aliyekuwamo akiwa amekwisha hama. Tena kuna kanuni iliyojumlisha wilaya moja moja kwa alama ya kujumlisha: hiyo haipanuki hata mstari ukitiwa katikati, maana haina mipaka, ina orodha tu.

Dawa zake zajulikana. Ya kwanza ni kuanza mipaka ya jumla katika mstari wa jina la safu na kuimaliza katika mstari mmoja mtupu uliowekwa makusudi juu ya jumla. Jina halihesabiwi kwa kuwa si tarakimu, mstari mtupu hauongezi kitu, na kila mgeni aingiaye huangukia ndani. Ya pili ni kulitangaza eneo zima kuwa jedwali rasmi, jambo ambalo Excel huliwezesha, ili kanuni zitaje jina la safu badala ya anwani, na mstari mpya urithi kanuni za wenzake. Ya tatu ni kuitafuta wilaya kwa jina lake, si kwa namba ya mstari wake. Na ya nne, isiyo ya kompyuta hata kidogo, ni kuijumlisha safu upya kwa njia nyingine na kulinganisha majibu.

V

Sasa tuzitie tarakimu zenyewe. Mwaka 2002 Mkoa wa Kagera ulikuwa na mistari sita:

Karagwe 425,476
Bukoba Vijijini 395,130
Muleba 386,328
Biharamulo 410,794
Ngara 334,939
Bukoba Mjini 81,221
Jumla 2,033,888

Mwaka 2012 mistari ilikuwa minane:

Karagwe 332,020
Bukoba Vijijini 289,697
Muleba 540,310
Biharamulo 323,486
Ngara 320,056
Bukoba Mjini 128,796
Missenyi 202,632
Kyerwa 321,026
Jumla 2,458,023

Missenyi ilikatwa katika Bukoba Vijijini, na Kyerwa katika Karagwe. Tuseme mtu ana lahajedwali la mwaka 2002, akaandika tarakimu mpya juu ya zile za zamani, kisha akaingiza wilaya mbili mpya juu tu ya jumla, nje ya mipaka ya kanuni. Jumla atakayopata ni 1,934,365. Si tarakimu ya kushtua. Haina alama yoyote ya kosa. Lakini imewaacha nje watu 523,658, na kwa hesabu hiyo mkoa mzima utaonekana umepungukiwa na watu 99,523 katika miaka kumi.

Wala kosa haliishii katika jumla. Sehemu ya Ngara katika mkoa ilikuwa asilimia 16.5 mwaka 2002. Kwa jumla iliyo sahihi, mwaka 2012 ilikuwa asilimia 13.0. Lakini mtu akigawanya kwa ile jumla pungufu atapata tena asilimia 16.5, naye ataandika kwa utulivu kwamba hali ya Ngara haikubadilika. Kosa limejificha ndani ya jibu linaloonekana la kawaida kuliko jibu la kweli. Ikiwa fedha, vitabu vya shule au dawa hugawanywa kwa kufuata sehemu hizo, basi mstari mmoja ulioingizwa hatua moja chini ya mahali pake huwa umekwisha amua jambo ambalo hakuna mtu aliyeliamua.

VI

Hata hivyo tukisema kwamba dawa ni kuilinda kanuni, tutakuwa tumesema nusu. Mfano wa Biharamulo waonyesha nusu ya pili.

Kati ya sensa hizo mbili wilaya ya Chato ilikatwa katika Biharamulo. Mwezi Machi 2012 Mkoa wa Geita ulianzishwa, na sensa ilipofanyika Agosti mwaka huohuo, Chato ilihesabiwa Geita. Kwa hiyo mstari wake haukuingizwa katika jedwali la Kagera hata kidogo. Uliingizwa katika jedwali jingine, ambamo jumla yake ni 1,739,530. Majedwali yote mawili yamejumlishwa sawasawa. Hakuna kanuni iliyovunjika.

Lakini aliyeweka safu ya mabadiliko, akaiagiza kompyuta itoe tarakimu ya 2002 katika ile ya 2012, atapata kwamba Biharamulo ilipoteza watu 87,308, yaani asilimia 21 na zaidi. Kanuni imetii. Imelinganisha jina na jina. Chato ilikuwa na watu 365,127; ukiwarudisha penye asili yao, nchi iliyoitwa Biharamulo mwaka 2002 ilikuwa na watu 688,613 mwaka 2012. Haikupungua, iliongezeka kwa watu 277,819, yaani zaidi ya theluthi mbili. Mkoa nao ni hivyo hivyo. Kwa majina, Kagera iliongezeka kwa 424,135, karibu asilimia 21. Kwa nchi ileile ya mwaka 2002, pamoja na Chato, ongezeko ni 789,262, karibu asilimia 39. Mwanalugha atakayetumia tarakimu ya kwanza kukadiria kukua kwa jamii za wasemaji wa kusini mwa Kagera atakuwa amekosea karibu nusu kwa nusu, na lahajedwali lake litakuwa halina kasoro.

Ngara ni habari nyingine. Haikukatwa kutoa wilaya mpya katika miaka hiyo. Upungufu wake wa watu 14,883, asilimia 4.4, hauwezi kuelezwa kwa kalamu ya mgawaji. Mwaka 2002 wakimbizi wa Burundi walikuwa wangali katika kambi za Lukole wilayani humo. Ilipofika 2012 kambi hizo zilikuwa zimefungwa na watu wamerejea kwao. Jambo hili haliwezi kutengwa na tarakimu hizo. Hapa mstari ulibaki mahali pake, na walioondoka ni watu.

VII

Kuna na wale ambao hawakupata mstari kabisa. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco, iliyochukua jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, ikawa kwa ghafula mojawapo ya makao makubwa ya watu katika nchi. Kambi nyingine zikafuata. Desemba 1996 Wanyarwanda hao walirudishwa kwao.

Sensa zilizo karibu ni za 1988 na 2002. Walikuja baada ya moja na kuondoka kabla ya nyingine. Walihesabiwa katika orodha za chakula na za mashirika, lakini katika jedwali la sensa ya nchi hawamo, wala hapana mahali pa kuwaingiza, kwa kuwa hapakuwa na safu ya mwaka wao. Kanuni inayokadiria ongezeko la kila mwaka kati ya 1988 na 2002 hupita juu ya miaka hiyo kama mtu apitaye juu ya daraja usiku, asijue mto ulio chini umejaa au umekauka. Lakini misitu iliyokatwa, visima vilivyochimbwa, masoko yaliyochangamka na maneno yaliyobadilishana vinywa kati ya Kihangaza, Kinyarwanda na Kiswahili katika miaka hiyo yote yalitokea.

VIII

Katika haya yote kuna mafunzo matatu kwa mtafiti. Kwanza, alindaye kanuni aanze kabla ya mstari mpya kuja: aweke mipaka ipana, na mstari mtupu wa kupokea wageni. Pili, asiamini jumla kwa sababu haikuonyesha alama ya kosa. Aihakiki kwa njia nyingine, kama karani wa zamani alivyoshuka kwa kidole. Tatu, nalo ndilo kubwa, kila mstari mpya uandikwe pamoja na asili yake. Safu moja tu ya ziada yatosha: Missenyi, imetoka Bukoba Vijijini, Kyerwa, imetoka Karagwe, Chato, imetoka Biharamulo, sasa Geita. Kwa safu hiyo mtu yeyote aweza kuijenga upya nchi ya mwaka wowote na kulinganisha mahali na mahali, badala ya jina na jina.

Kompyuta hujua kuusogeza mstari na kuirekebisha anwani. Haijui kwamba Biharamulo ya mwaka 2002 si Biharamulo ya mwaka 2012. Ujuzi huo ni wa historia, na asipouandika mtu ndani ya jedwali, hautaingia humo wenyewe.